Kompyuta na Hesabu ya Maumbo Shuleni: Je, Kikundi Chenu Kichangie?



Wapendwa wanavikundi, hivi majuzi kikundi kimoja cha akina mama katika parokia yetu kiliniita kwenye mkutano wao. Hiki ni kikundi ambacho hukodisha hema na viti, na kilikuwa kimeweka akiba kidogo. Ajenda zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa tangi la maji: liwekwe wapi, maana vijiji vitatu vinalitaka. Ya pili ilikuwa barua kutoka kwa mwalimu mkuu wa shule ya sekondari ya kutwa. Aliomba kikundi kisaidie kununua kompyuta moja na projekta ya kufundishia hesabu.

Ubishi ukaanza. Mama mmoja akasema, "Kompyuta ni ya kuandika barua na kupiga chapa. Hesabu ni daftari na kalamu. Hawa walimu wanataka kutukula." Mwingine akajibu, "Wewe mama, msichana wangu alirudi nyumbani na D ya hesabu. Kila mahali anapopeleka karatasi anaambiwa hesabu, hesabu. Kama kuna kitu kitasaidia huyu mdogo wake, mimi nitatoa." Halafu wote wakanigeukia: "Mwalimu, wewe unasemaje?"

Mimi si mwalimu wa hesabu. Kazi yangu ni ya jamii. Lakini nilikwenda kuuliza, nikakaa nyuma ya darasa nikaangalia, na nikajaribu mwenyewe kwa mkono wangu. Haya ndiyo niliyoyapata. Nayaandika kwa sababu najua si kikundi hicho peke yake kinachoombwa mchango wa namna hii.

NI KITU GANI HIKI?

Kuna programu za kompyuta ambazo kazi yao ni kuchora maumbo ya jiometri: mistari, pembetatu, miduara, pembe. Hazikuanza jana. Huko Grenoble, Ufaransa, wataalamu walianza kutengeneza moja inayoitwa Cabri katika miaka ya 1980. Mwaka 1991 Marekani ikatoa nyingine, The Geometer's Sketchpad. Halafu mwaka 2001 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, jina lake Markus Hohenwarter, akaanza GeoGebra kama sehemu ya masomo yake ya shahada ya pili. Jina hilo limeunganishwa kutoka jiometri na aljebra. Hii ya mwisho ndiyo inayotufaa zaidi, kwa sababu shule na wanafunzi wanaitumia bure. Inaweza kuwekwa kwenye flashi, ikahamishwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine, na ikafanya kazi bila intaneti. Hata kwenye simu ya kisasa inaingia.

Sasa, tofauti yake na ubao ni nini? Mwalimu akichora pembetatu ubaoni kwa chaki, imekwisha. Ikiwa anataka nyingine, afute achore tena. Mwanafunzi anaona pembetatu moja, au mbili, na mara nyingi zimepinda kwa sababu mwalimu ana haraka. Lakini kwa programu hii, mchoro unakumbuka jinsi ulivyotengenezwa. Ukisema "huu mstari upite katikati kabisa ya hizi nukta mbili", basi hata ukishika nukta moja kwa mausi na kuivuta huku na huku, ule mstari utaifuata na kubaki katikati. Mchoro unasogea, lakini sheria uliyoipa haivunjiki.

Hapo ndipo kuna siri yote. Mtoto anavuta nukta na kuona pembetatu mia moja kwa dakika moja. Anaanza kujiuliza: ni nini kinachobadilika, na ni nini kinachokataa kubadilika? Kile kinachokataa kubadilika ndicho hesabu inachokitafuta.

MFANO WA TANGI LA MAJI

Nilipoona akina mama wameanza kupiga miayo, niliwaambia tuache maneno ya shule, turudi kwa tangi letu. Nilikuwa nimekuja na kompyuta ndogo ya ofisi, na programu hiyo ilikuwa ndani. Nikauliza, "Tangi liwekwe wapi ili kusiwe na malalamiko?" Wakasema kwa sauti moja: "Mahali ambapo vijiji vyote vitatu vitatembea sawasawa."

Basi nikaweka nukta tatu. Nitatumia vipimo rahisi ili nanyi mfuate. Tuseme Kijiji cha Kwanza na cha Pili viko kwenye barabara iliyonyooka, na kati yao ni kilomita 4. Kijiji cha Tatu kiko upande wa juu wa barabara, mkabala na katikati ya hivyo viwili, kilomita 3 kutoka barabarani.

Mahali pa umbali sawa panapatikana hivi. Chukua vijiji viwili vya kwanza, tafuta katikati yao, halafu piga mstari unaokata hapo kwa pembe mraba. Mtu yeyote anayesimama kwenye mstari huo yuko umbali sawa na vijiji hivyo viwili. Fanya vivyo hivyo kwa Kijiji cha Pili na cha Tatu. Pale mistari hiyo miwili inapokutana, ndipo mahali penyewe. Katika mfano wetu panakuwa karibu mita 830 juu ya barabara, na kila kijiji kinatembea kama kilomita 2 na mita 170. Akina mama wakapiga makofi. Wakaona ugomvi umekwisha.

Nikamwomba mama mmoja, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, ashike mausi avute Kijiji cha Tatu kishuke polepole kuelekea barabarani. Nikawaambia, "Kabla hajavuta, kila mtu akisie: tangi litaenda wapi?" Wengi walisema litakaribia Kijiji cha Tatu. Basi angalieni kilichotokea:

Kijiji cha Tatu kikiwa kilomita 3 kutoka barabarani, kila mtu anatembea kilomita 2.17.
Kikiwa kilomita 2, tangi linakaa barabarani kabisa, katikati, na kila mtu anatembea kilomita 2.
Kikiwa kilomita 1, tangi linavuka barabara na kwenda upande wa pili, na kila mtu anatembea kilomita 2 na nusu.
Kikiwa nusu kilomita, tangi linakimbia mpaka kilomita 3 na robo tatu upande wa pili wa barabara, na kila mtu anatembea kilomita 4 na robo!

Chumba kilinyamaza. Vijiji vimekaribiana, lakini tangi limewakimbia wote. Halafu yule mama aliyeshika mausi akasema neno ambalo sijalisahau: "Kumbe tunaweza kuwa sawa, na sote tukaumia sawa."

Mara wakaanza kuhesabu wenyewe. Ikiwa vijiji vimekaa karibu kwa mstari namna hiyo, si afadhali tangi liwe barabarani katikati? Hapo vijiji viwili vitatembea kilomita 2, na cha tatu nusu kilomita tu. Hakuna usawa, lakini hakuna anayeumia kama mwanzo. Wengine wakasema, "Ndiyo, lakini hao wa nusu kilomita watoe kazi ya kuchunga tangi." Mazungumzo yakawa mazuri. Mama mzee akatukumbusha kwamba watu hawatembei kama ndege, kuna mto pale na daraja ni moja. Ni kweli. Mchoro hauoni mto. Kwa hivyo kabla ya kuamua walipanga kwenda kupima njia kwa miguu.

Lakini angalieni, wapendwa: katika nusu saa hiyo, watu ambao wengi wao hawakumaliza shule ya msingi walikuwa wanafanya jiometri ya sekondari. Waligundua kwamba pembetatu ikiwa na pembe zote nyembamba, mahali pa umbali sawa pako ndani yake. Ikiwa na pembe mraba, pako katikati ya upande mrefu. Ikiwa na pembe pana, pako nje. Hakuna aliyewalazimisha kukariri. Waliona, wakashangaa, wakauliza "kwa nini?"

WATOTO WETU WANAUMIA WAPI?

Mwalimu wa hesabu aliniambia kwamba jiometri ndiyo hushinda wanafunzi wengi kuelewa kwa kitabu peke yake. Katika hesabu ya sekondari kuna mambo kama pembe za duara, ulinganifu wa maumbo, kuzungusha na kukuza maumbo, na njia ya nukta inayosogea. Yote hayo ni mambo ya kusogea. Kitabu hakisogei. Mtoto anaambiwa, "Pembe iliyo ndani ya nusu duara ni nyuzi 90 kila wakati." Anaandika, anakariri, na kwenye mtihani mchoro ukigeuzwa kidogo, amepotea.

Nilipokaa nyuma ya darasa, niliona mwalimu akiweka kipenyo cha duara na nukta moja juu ya duara, akiunganisha na ncha mbili za kipenyo. Kompyuta ilionyesha kipimo cha ile pembe: 90. Akamwita msichana mmoja avute nukta kuzunguka. Umbo likawa jembamba, likawa pana, lakini kile kipimo kikabaki 90. Darasa zima likaanza kumwambia, "Vuta mpaka mwisho! Jaribu upande ule!" Walikuwa wanataka kuishinda sheria, wakashindwa. Sasa mwalimu akafunga projekta na kuuliza, "Kwa nini haikubali?" Wakarudi kwa daftari kutafuta sababu.

Hapo pana jambo la muhimu sana. Kuona si kuthibitisha. Kompyuta ikionyesha 90 mara elfu, bado haijasema kwa nini. Sababu lazima mwanafunzi aitafute kwa akili yake: kwamba kutoka katikati ya duara mpaka ile nukta unapata pembetatu mbili zenye pande mbili sawa, na pembe zake ukizijumlisha, jibu linatoka lenyewe. Mwalimu anayeishia kwenye picha amefundisha nusu. Pia tusisahau kwamba mtihani wa KCSE huwataka wachore kwa rula na bikari, ile ya chuma yenye ncha na penseli. Kompyuta haitaingia chumba cha mtihani. Kwa hivyo mikono yao bado ifanye mazoezi.

NILIYOJIFUNZA KWA KUUMIA

Niwaambie ukweli ili msianguke shimo nililoanguka. Miaka kadhaa iliyopita nilisaidia kuhamasisha wazazi wa shule moja, sitaitaja, ili wachangie chumba cha kompyuta. Tulitoa pesa za madirisha ya chuma, mlango wa chuma, na kuvuta stima. Kompyuta zikaja, tukakata utepe, tukacheza ngoma. Nilirudi baada ya miaka mitatu. Zilikuwa zimefunikwa vitambaa vizuri vya kufuma, kama makochi ya mgeni. Kufuli lilikuwa mlangoni na funguo ilikuwa na mtu mmoja ambaye siku hiyo hakuwepo. Panya walikuwa wamekula nyaya. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho aliniambia amezigusa mara mbili tangu aingie shule.

Nilikasirika sana. Lakini nilipofika nyumbani nilijiuliza: je, sisi tulipotoa pesa, tuliuliza nani atafundisha? Tuliuliza kuhusu mlango tu. Tulinunua kufuli bora kuliko somo.

MAMBO YA KUULIZA KABLA YA KUTOA HATA SHILINGI

1. Ni mwalimu gani atakayetumia, na je, amejifunza? Kompyuta bila mwalimu aliyejiandaa ni sanduku. Kuna mahali pa kujifunzia. Kituo cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi, kazi yake ni mafunzo ya walimu wa hesabu na sayansi. Tangu mwaka 2011 kumekuwa pia na kambi za hesabu za wanafunzi zilizoanzia Chuo Kikuu cha Maseno, ambako vijana hujaribu hesabu kwa michezo na kwa kompyuta. Mwalimu anayependa kazi yake anaweza pia kuanza kwa simu yake mwenyewe leo jioni.

2. Itatumika katika vipindi gani? Mwalimu aonyeshe mada za muhula huu ambazo zinahitaji maumbo ya kusogea. Si kila kipindi kinahitaji kompyuta. Kujumlisha sehemu hakuhitaji.

3. Funguo iko kwa nani? Iwe kwa watu wawili, na kuwe na daftari la kuandika siku na saa kifaa kilipotoka na kurudi.

4. Stima ikipotea? Kompyuta ya kubeba ina betri yake, lakini projekta za kawaida hazina. Waulizeni mpango wao, na ni nani atalipa bili.

5. Je, kuna haja ya kompyuta nyingi mara moja? Maoni yangu ni hapana. Kompyuta moja na projekta moja ndani ya darasa la hesabu, mbele ya wote, ni mwanzo mzuri kuliko kompyuta ishirini kwenye chumba kilichofungwa. Mkiona zinatumika, ongezeni pole pole.

6. Nani atashika mausi? Hili nalisema hasa kwa akina baba. Nimeona darasa ambapo wavulana wamezunguka kifaa na wasichana wamesimama nyuma wakiandika matokeo. Mwalimu awe na zamu, na zamu ifuatwe. Anayetazama tu atakumbuka kidogo, anayevuta mwenyewe atakumbuka sana.

7. Tutajuaje kama imesaidia? Baada ya muhula mmoja, mwalimu aje kwa kikundi na madaftari ya watoto. Msingoje miaka mitatu kama mimi.

NA KAMA HATUNA PESA?

Msikate tamaa. Wazo lenyewe halitoki kwa kompyuta. Wazo ni hili: kisia kwanza, sogeza, tazama, halafu uliza kwa nini. Hata kwa misumari na kamba inawezekana.

Pigeni misumari miwili kwenye ubao. Chukueni kipande cha katoni chenye kona ya mraba kamili. Ingizeni kona hiyo kati ya misumari, pande zake mbili ziguse misumari wakati wote, na muisogeze polepole huku mkiweka alama kwa penseli pale ncha ya kona inapopita. Mtaona nusu duara imejichora. Ni sheria ile ile ya pembe ya nyuzi 90, lakini kwa njia ya kurudi nyuma.

Mwiteni fundi wa nyumba awaonyeshe watoto jinsi anavyopata kona ya msingi. Anapima futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, na anasogeza kamba mpaka kutoka ncha hadi ncha ziwe futi 5. Hapo anajua kona ni mraba. Watoto wengi wamemwona fundi akifanya hivyo na hawajui kwamba ndiyo ile hesabu ya Pythagoras wanayolia nayo darasani. Fundi pia akimaliza huvuta kamba kutoka kona hadi kona, pande zote mbili. Kama pande zinazoelekeana ni sawa na kamba hizo mbili ni sawa, nyumba imekaa vizuri. Mbuzi aliyefungwa kwa kamba kwenye kigingi naye hula majani kwa duara. Hizo ni jiometri za kusogea, na ziko nyumbani kwetu bila malipo.

Kompyuta inachoongeza ni wepesi, usahihi wa kipimo, na uhuru wa kujaribu mara nyingi bila kuharibu karatasi. Ni msaada mkubwa, lakini haichukui nafasi ya mwalimu, wala ya bidii ya mtoto.

KIKUNDI KILIAMUA NINI?

Bado hakijatoa pesa. Kimechagua watu watatu, mmoja wao ni yule mama aliyesema wanataka kutukula, wakakae nyuma ya darasa siku moja na kuona mwalimu akifundisha kwa kompyuta ya kuazima. Wakiridhika, watachangia sehemu, na wazazi wengine waombwe iliyobaki. Nadhani huo ni uamuzi wa watu wenye hekima. Kuhusu tangi, wamepima njia, na sasa wanabishana kwa nambari badala ya kwa majina ya koo. Hiyo peke yake ni hatua.

Yule mama wa mausi aliniambia tukiondoka, "Mwalimu, mimi nilitolewa shule darasa la tano. Nilikuwa nafikiri hesabu ilinikataa." Nilimwambia hapana. Hakuna aliyempa nafasi ya kuivuta kwa mkono wake. Tusiwafanyie watoto wetu hivyo.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Je, kuna kifaa tulichochangia shuleni au zahanati ambacho kimekaa bila kutumika? Sisi tulikosea wapi?
2. Katika mfano wa tangi, usawa wa umbali uliwaumiza wote. Ni wapi katika kikundi chetu tumegawa sawa lakini bila haki?
3. Ni fundi gani, sorveya au mshonaji wa hapa kwetu anayeweza kwenda shuleni kuwaonyesha watoto hesabu anayotumia?
4. Wasichana wetu wanasikia nini nyumbani kuhusu hesabu? Ni nani huwaambia?
5. Tukiombwa mchango wa kompyuta kesho, ni maswali gani matatu tutakayouliza kwanza?